Mke wangu aliugua sonona baada ya kujifungua. Sasa ana mimba nyingine, na naona mambo ambayo mara ya kwanza sikuyaona

Baba Nuru (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Naandika usiku huu mama watoto kalala. Ana mimba ya miezi mitano. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, ila wenye wake wajawazito naomba mkae kidogo.

Mtoto wetu Nuru alizaliwa Agosti 2022. Nilikuwa najua kwamba mzazi hulialia siku za mwanzo, kwetu wazee wanasema maziwa yakiingia machozi yanatoka. Ya mke wangu hayakukoma. Wiki ya tatu, ya nne, ya tano. Mtoto akilala yeye halali. Anakaa kitandani na kitenge mabegani, anaangalia ukuta, uji unapoa mpaka unashika utando. Nikimuuliza anasema kichwa kizito, mwili unawaka moto. Tulipima malaria mara tatu, hakuna kitu.

Siku moja akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayeomba chumvi: "Baba Nuru, huyu mtoto angepata mama mwingine angekuwa na bahati."

Nikacheka. Ndiyo wakuu, nilicheka. Nilidhani anadeka.

Aliyetuokoa ni shangazi yake aliyekuja kwa ajili ya arobaini. Alikaa naye nusu saa chumbani, akatoka, akaniuliza kama nina nauli ya bajaji ya kwenda hospitali kesho asubuhi. Hakusema kingine. Kule tukaambiwa ni sonona, tena imeshakomaa. Akaanza ushauri kila wiki, na vidonge. Mwezi wa pili ndio nikamsikia anamwimbia mtoto.

Sasa sikilizeni kilichonifanya nifungue uzi. Daktari aliponiita mimi peke yangu, hakuuliza habari za mtoto kabisa. Aliuliza habari za mwaka uliotangulia. Nikawa nasimulia, yeye anaandika. Kwamba 2021 mimba yetu ya kwanza iliharibika ikiwa na miezi mitano na tukakubaliana tusiitaje tena. Kwamba tulihama Tanga tukaja Chamazi, yeye akaacha mashoga zake wote na duka lake la vitambaa. Kwamba nilichukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kuumiza, na watu wa mkopo walikuwa wanakuja kukaa barazani yeye akiwa peke yake na tumbo lake. Kwamba mama yake alipata kiharusi, asingeweza kuja kumlea uzazi. Kwamba (hili nilikuja kulijua siku hiyo hiyo kutoka kwa shangazi) akiwa na miaka 19, baba yake alipofariki, alijifungia ndani miezi minne hali wala haogi, na familia ikaamua ni mambo ya msiba, yakafukiwa.

Halafu daktari akaniuliza, "Na wewe?" Nikasema mimi sijawahi kumpiga. Akasema sijakuuliza hilo. Basi ikabidi niseme kwamba tukigombana huwa namnunia. Siku nne, wiki, hela ya matumizi naiacha juu ya friji bila kumtazama.

Na hapo bado: presha ilipanda, akafanyiwa upasuaji wa dharura wiki ya 33, mtoto njiti, siku 19 wodini. Tuliporudi nyumbani akaja mama yangu mzazi, akawa anasema sebuleni kwa sauti ya kusikika kwamba wanawake wa siku hizi hawajui kusukuma.

Daktari akageuza karatasi akaniwekea mbele. Mambo manane. Sita yalikuwepo kabla mtoto hajatoka tumboni. Na mwanamke huyu alikuwa anahudhuria kliniki kila tarehe aliyopangiwa, kadi imejaa: damu, mkojo, presha, uzito, vidonge vya kuongeza damu. Hakuna kisanduku hata kimoja cha hayo sita.

Maswali yangu kwa wenye ujuzi: katika hayo, yapi ndiyo mazito? Na kwa kuwa alishaugua, ni lazima irudi? Na mimi nifanye nini sasa hivi, nisisubiri ukuta utazamwe tena?

---

Kidume Cha Mbezi

Nimekaa paleee nasubiri wataalamu. Pole sana mkuu.

---

Mkunga Mstaafu

Baba Nuru, hongera kwa kuandika. Nimezalisha miaka 31, na wanaume walioniuliza swali lako nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vinabaki.

Nianze na swali la uzito. Kitu kizito kuliko vyote ni historia. Mwanamke aliyewahi kuugua sonona, iwe usichana wake au uzazi uliopita, yuko kwenye hatari zaidi kuliko mwenzake. Ile miezi minne ya miaka 19 iliyofukiwa na familia ndiyo ingekuwa ya kwanza mimi kuandika. Ya pili yake, sonona au wasiwasi mkali ukiwa bado na ujauzito. Watu wanaita "sonona baada ya kujifungua" wakadhani inaanza siku kondo la nyuma linapotoka. Kwa wengi ilikuwa imeshaingia tangu mimba, sema mjamzito akilala sana tunasema mimba inamchosha, asipokula tunasema mimba inachagua, akilia tunasema mimba inamchukia mume. Mimba inasingiziwa kila kitu!

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, wajawazito 15.6 katika kila 100 na wazazi 19.8 katika kila 100 wanapata tatizo la afya ya akili, kubwa likiwa hilo la sonona. Kwa lugha ya wodini: wodi yenye wazazi ishirini, karibu wanne.

Baada ya historia, naweka mwenza na watu waliomzunguka. Kule Moshi watafiti waliwafuata wajawazito zaidi ya elfu moja mpaka baada ya kujifungua, wakakuta waliofanyiwa ukatili na wenza wao wakati wa ujauzito walikuwa na uwezekano wa kupata sonona zaidi ya mara tatu ya wasiofanyiwa. Na ukatili waliouhesabu si ngumi tu. Kudhalilisha, kutisha na kulazimisha tendo vilikuwemo. Kwa hiyo Baba Nuru, kununa kwako kwa wiki nzima na hela juu ya friji, mwanangu, kusikuweke upande wa "mimi sijawahi kumpiga".

Mengine yanakuja kama mchanga kwenye gunia: umaskini na madeni, mimba isiyotarajiwa, umri mdogo, mimba iliyoharibika au mtoto aliyezaliwa mfu, kifafa cha mimba, upasuaji wa ghafla, njiti, mtoto mwenye ulemavu, kugundulika na VVU kliniki, kutukanwa na sisi wahudumu wakati wa uchungu. Ndiyo, na sisi tumo. Nimeyasikia kwa masikio yangu wodini maneno ambayo hutamwambia mbuzi anayezaa.

---

Sele Fundi

Mama mkunga, lakini si wanasema ni homoni?

---

Mkunga Mstaafu

Homoni zinashuka kwa kila mwanamke, mwanangu. Kondo likishatoka, homoni zilizokuwa juu miezi tisa zinaporomoka ndani ya siku chache. Ndiyo maana wengi sana wanalialia kuanzia siku ya tatu hivi, na ndani ya wiki mbili inaisha yenyewe. Ila mvua hiyo moja inanyeshea nyumba zote za mtaa. Inayovuja ni ile ambayo bati lilishatoboka. Wapo wachache ambao miili yao yenyewe inayumbishwa zaidi na mshuko huo, na hao utawakuta hata wana waume wazuri na hela. Tusije tukamlaumu kila mume.

Na kabla ya kusema ni akili, pimeni damu na tezi la shingo. Upungufu wa damu na tezi likilegea baada ya uzazi vinaleta uchovu na huzuni inayofanana kabisa.

---

Mzee wa Kijiwe

Mnatuletea magonjwa ya wazungu. Bibi yangu kazaa kumi na moja, wa saba kamzaa shambani kaendelea na kupalilia. Hakuna cha sonona wala nini. Wanawake wa leo wanaishi kwenye simu, ndiyo shida.

---

Mangi Mdogo

Mzee wa Kijiwe, bibi yako alizaa kumi na moja, lakini alifua nepi za wangapi? Kwetu uchagani mzazi alikuwa anawekwa ndani miezi mitatu. Hachoti maji, hasenyi kuni, analetewa mtori na nyama, wifi anamuogesha mtoto, shosho analala chumba hichohicho. Leo mke wangu kajifungua Ijumaa, Jumatatu anafua kwenye beseni Kimara na mshono wake, mimi niko kazini. Ukitoa wifi, ukatoa shosho, ukatoa miezi mitatu, ukabakisha kuzaa peke yake, halafu unashangaa?

---

Mwanaidi wa Pangani

Na mimi bibi yangu alizaa tisa. Tuliambiwa baada ya wa tano "alipandwa na jini", akafungiwa chumba cha uani mpaka mtoto akaota meno. Hakuna aliyeita sonona kwa sababu neno hilo hakuna aliyekuwa nalo. Mpaka leo wanawake mtaani hawasemi nina sonona. Wanasema nina mawazo. Ukimsikia mjamzito anasema "nina mawazo sana dada", ujue ameshakwambia.

---

Mzee wa Kijiwe

Hapo kwenye miezi mitatu Mangi nimekuelewa. Hilo la simu sijalifuta.

---

Mama Wawili 2

Jamani samahani naingilia uzi. Nimeusoma huu nikashtuka. Mdogo wangu kajifungua siku sita zilizopita, yuko kwangu. Usiku wa tatu huu hajalala kabisa na hachoki, anatembea anapanga vyombo, anaongea haraka haraka. Leo jioni anasema mtoto si wake, wamembadilishia hospitali, na kuna mtu anamwambia amwoshe kwa maji ya moto ili arudi wa kweli. Mume wake anasema tusubiri asubuhi twende kwa sheikh. Nifanyeje?

---

Mkunga Mstaafu

Usisubiri asubuhi. Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa SASA HIVI. Hiyo si sonona ya kawaida, ni kile wazee waliita kichaa cha uzazi. Kinampata mmoja au wawili katika kila wazazi elfu moja, kinaanza ghafla ndani ya wiki mbili za mwanzo, na kinatibika vizuri sana kikiwahiwa. Mtoto achukuliwe na mtu mwingine, mama asiachwe peke yake na mtoto hata dakika moja, hata kama anaonekana katulia. Usibishane naye kuhusu mtoto ni wa nani. Mwambie tunaenda kumwona daktari ili ulale. Sheikh atakuja na ataomba hukohuko hospitali, dua haizuiwi na geti.

Na uliza njiani: kwenu kuna mtu aliyewahi kuwa na ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka, leo ana furaha iliyopitiliza, kesho hatoki kitandani? Ukifika mwambie daktari. Hilo ndilo la kwanza kwa ugonjwa huu.

---

Mama Wawili 2

Baba mdogo. Alikuwa hivyohivyo. Tunatoka.

---

Baba Nuru (mleta uzi)

Mungu awatangulie dada. Tuko hapa.

---

Bint Kisauni

Mie mwenzenu naandika kutoka Mombasa. Pole kwa wote.

Kuna jambo sijaliona kutajwa. Mie nilizaa wasichana watatu mfululizo. Wa tatu, mama mkwe alipoambiwa ni mwanamke, alikata simu. Hakuja hospitali, hakuja siku ya kunyoa nywele. Nyumba ilikuwa na pesa, mume hanipigi, sikukatwa, mtoto kilo tatu na nusu. Kwenye orodha ya daktari wa Baba Nuru ningepita bila alama hata moja. Na nilikuwa nikiamka usiku nasimama juu ya kisima.

Sikumwambia mtu kwa sababu nyingine, wallahi niliogopa polisi. Kwetu kujaribu kujitoa roho kulikuwa ni kosa la jinai mpaka Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kifungu kile kinakwenda kinyume na katiba. Hebu fikiria, mtu ni mgonjwa halafu akitaja dalili ya ugonjwa wake ajitie pingu mwenyewe.

---

Mwanaidi wa Pangani

Hapo kwenye kisima nimelia Bint Kisauni. Uko salama sasa?

---

Bint Kisauni

Alhamdulillahi. Huyo wa tatu ndiye anayenisomea simu nikisahau miwani.

---

Mtoto wa Ilala, Glasgow

Salamu kutoka baridi. Huku nilijifungua 2019. Muuguzi anayepita majumbani alikuja na karatasi ya maswali kumi. Maswali hayo yalitengenezwa hukuhuku Scotland, Edinburgh na mji wa jirani, yakachapishwa mwaka 1987, na sasa yanatumika dunia nzima, hata tafsiri ya Kiswahili ipo. Yanauliza siku saba zilizopita zilikuwaje: kama bado unacheka, kama una hofu bila sababu, kama unajilaumu, kama unakosa usingizi kwa huzuni, na la kumi kama umewaza kujidhuru. Kila jibu lina alama, jumla ni 30. Kwa kawaida ukifika 13 wanakuangalia kwa karibu. La kumi hawangoji jumla.

Mimi nilipata 4. Nilidanganya yote! Niliogopa wakijua watamchukua mtoto, na makaratasi yangu ya ukaazi yalikuwa hayajakamilika. Nilikuwa sina mama, sina dada, nje giza saa tisa na nusu alasiri, mume zamu za usiku. Uji wa pilipili manga nilijipikia mwenyewe nikiwa nimesimama na mshono. Muuguzi alirudi wiki iliyofuata, akaweka karatasi kwenye begi, akaniuliza tu, "Nani amekushikia mtoto leo hata kwa dakika kumi?" Nikashindwa kujibu. Hilo ndilo swali lililonitoa.

Kwa hiyo nikiulizwa kisababishi kikubwa kwetu sisi wa nje, nasema ni upweke. Mengine yanafuata.

---

Mkunga Mstaafu

Mtoto wa Ilala, hilo swali nalichukua, nitalifundisha. Maswali kumi ni mazuri lakini yanategemea anayeuliza kaja na uso gani.

---

Jasiri 2004

Shikamooni wakubwa. Mimi nilipata mimba nikiwa kidato cha pili, 2019. Nikaondolewa shule, baba akasema nisionekane mbele ya wageni. Tumbo lilikua gizani. Nilijifungua mwezi Machi, hakuna aliyeniita "mzazi", waliniita "huyu". Hakuna aliyenikanda maji ya moto. Nesi mmoja aliniuliza nikiwa kwenye uchungu kama wakati wa kuitafuta nililia hivi.

Sijui kama ilikuwa sonona, sikupimwa. Najua nilikuwa namnyonyesha mtoto huku nimegeuza uso. 2021 mwishoni serikali iliporuhusu waliojifungua warudi masomoni, mama mdogo alinisindikiza shuleni kwa mguu. Siku ile ndio nilimtazama mwanangu vizuri nikaona ana vishimo mashavuni.

---

Sele Fundi

Dah.

---

Mkunga Mstaafu

Marahaba mwanangu. Umeandika kuliko sisi wote. Na wasomaji wajue huyu si mmoja wa bahati mbaya: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini wamewahi kupata mimba. Wengi wao hawana hata mmoja wa kuwaita "mzazi".

---

Nimefungua ID Leo

Nimefungua ID kwa ajili ya hili tu. Nilipimwa kliniki siku ya kwanza na mimba ya wiki 14, majibu yakawa nina VVU. Mwenzangu akaondoka wiki hiyohiyo. Dawa walinipa siku hiyo, na mtoto kazaliwa salama, hana. Kila mwezi walihesabu vidonge vyangu. Hakuna aliyeniuliza nalalaje. Ni hayo tu.

---

Mangi Mdogo

Asante kwa kutuamini dada. Umefanya kubwa kwa huyo mtoto.

---

Kidume Cha Mbezi

Wakuu naomba nirudi kwenye mkopo, maana wengi humu tunajifanya hatukuona. Mke wangu akiwa na miezi saba tulidaiwa laki sita. Kila pikipiki ikisimama nje anazima taa. Mjamzito anakaa gizani saa moja jioni kwa sababu ya saini yangu mimi. Baada ya kujifungua aliugua yeye, lakini na mimi niliugua, ila mimi nilijitibu kwa bia. Mwanaume naye anapata?

---

Mkunga Mstaafu

Anapata. Tafiti zilizojumuishwa kutoka nchi mbalimbali zinaonyesha karibu baba mmoja katika kila kumi, kuanzia ujauzito hadi mtoto anapofikisha mwaka. Na hatari inapanda mama naye akiwa anaumwa. Halafu sheria ya ajira inampa baba siku tatu za likizo ya uzazi, mama siku 84, mia moja akiwa na mapacha. Siku tatu zinatosha kutafuta jina.

---

Mzee wa Kijiwe

Swali la kweli, silaumu. Hivyo vidonge anavyonyonyesha akimeza, mtoto haathiriki? Na akipelekwa si ndio Mirembe hiyo, hospitali ya vichaa, mtaani wataimba?

---

Mkunga Mstaafu

Sonona iliyo nyingi inatibiwa hospitali ya kawaida, kwa mazungumzo yaliyopangwa, hata vidonge havihitajiki. Akihitaji vidonge, zipo dawa ambazo kiasi kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo sana na anaendelea kunyonyesha. Daktari ndiye anachagua, na zisikatishwe ghafla siku anapojisikia vizuri. Na hao wa Mirembe nao ni wagonjwa waliopata daktari, sijui tunawaimba kwa lipi.

Mazungumzo yenyewe si lazima bingwa. Zimbabwe, kule Harare, kuna akina bibi waliofunzwa na daktari Dixon Chibanda, wanakaa kwenye benchi nje ya kliniki wanasikiliza watu mmoja mmoja. Pakistan wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa kufanya hivyo majumbani kwa wajawazito wenye sonona, na walioendelea kuumwa walipungua sana. Sisi tuna makungwi, tuna somo, tuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Tunakosa mtu wa kuwaambia: ukimaliza kufunda mambo ya chumbani, muulize na usingizi.

---

Mama Wawili 2

Nimerudi. Saa kumi na moja alfajiri. Tumefika hospitali saa sita usiku, wakampokea haraka, kachomwa sindano, kalala kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Mtoto yuko na mimi kanga moja. Daktari aliuliza lilelile la ukoo, nikamtaja baba mdogo, akaandika. Mume wake kakaa kwenye benchi hajasema neno. Asanteni sana.

---

Baba Nuru (mleta uzi)

Alhamdulillah dada. Kula na wewe.

---

Mkunga Mstaafu

Nimeamka kusali nikakuta huu ujumbe. Mume msimlaumu, mpe chai.

Baba Nuru, nilikuacha na swali la pili na la tatu. Kurudi si lazima, ila uwezekano ni mkubwa kuliko kwa asiyewahi kuugua, kwa hiyo msikae kama watu wa bahati nasibu. Mwende kliniki wote wawili, useme kwa mdomo wako mbele ya muuguzi: mke wangu aliugua sonona uzazi uliopita. Waandike. Kama hapo hakuna mtu wa afya ya akili waombe rufaa sasa, mazungumzo yaanze akiwa na mimba. Mwambieni na habari ya presha, ile nayo inaweza kurudi. Na ile mimba ya 2021, itajeni. Mtoto wa miezi mitano hafukiwi kwa kunyamaza.

---

Baba Nuru (mleta uzi)

Mama, nimesoma yote, nimemsomea na mama watoto mwenyewe asubuhi hii. Alinyamaza sana kwenye ile sehemu ya kisima. Halafu akasema yeye kwake ilikuwa ni reli. Miaka yote hii sikuwahi kujua.

Nilipofikia: mkopo nilimaliza Februari, niliuza pikipiki. Kausha damu sirudi. Shangazi kakubali kuja mwezi wa nane wa mimba na kukaa mpaka arobaini ipite. Mama yangu nimeongea naye, nimemwambia aje baada ya arobaini, kanuna, sasa nimeonja mimi. Ile mimba tumeipa jina juzi, jina tutabaki nalo wenyewe. Kliniki ni Jumanne, nimeomba ruhusa kazini.

Kuhusu kununa sijui niahidi nini. Wiki iliyopita tuligombana kwa ajili ya luku, nikaenda kukaa nje. Nilikaa dakika arobaini nikarudi. Ni mwanzo.

---

Mangi Mdogo

Dakika arobaini kutoka wiki nzima, si haba mkuu. Usiku nani anaamka na mtoto?

---

Baba Nuru (mleta uzi)

Tumegawana. Kuanzia saa nne mpaka saa nane ni zamu yangu, nabadilisha nepi na kumbembeleza, akitaka ziwa ndio namwamsha mama yake. Tumeanza mazoezi na Nuru, maana siku hizi anaamka saa saba kuuliza kama mtoto ameshafika.